Kisima cha Mama na Choo cha Baba

Kimara, Dar es Salaam
11 Februari 2024

Mdogo wangu Khalil,

Assalaam alaykum. Barua hii anakuletea Najma, binti wa jirani yetu, anayerudi kazini huko Maskati. Mpokee vizuri, na usimwulize habari za nyumbani, maana atakueleza zote na mie sitabaki na cha kuandika.

Sie wazima. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba nikisimama sana dukani, lakini natembea. Shemeji yako Jaffar anakusalimia. Siku hizi hasikii vizuri na hataki kukiri, basi nyumba nzima tunapiga kelele utadhani tuko sokoni Mabibo. Nisalimie Khulud na watoto. Aiman amemaliza masomo? Na Rumaisa bado anacheka ukimwambia aseme Kiswahili?

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yangu, Khalil, ni ya nyumba nzima. Ukinitumia ujumbe wa sauti wajukuu wanausikia kabla yangu, na jioni mtaa mzima unao. Hili sitaki lisikike bado.

Ni kisima cha mama. Mwezi uliopita walikuja watu wa chuo kikuu cha ufundi, kile cha ng'ambo ya bonde. Unajua tulivyo nao. Kila mwaka wanashuka wanafunzi na makaratasi, wanauliza mna watoto wangapi, mnapikia nini, wanakunywa soda zangu, wanaondoka, jibu hatulioni. Nikawaambia mwaka huu sina hamu. Lakini safari hii alikuja mwalimu wao mwenyewe, mama mmoja wa Kinyakyusa anaitwa Tusajigwe, mhandisi wa maji. Hakuuliza maswali. Alisema chuo kinapima bure visima vyote vya bonde hili, na majibu atayaleta yeye kwa mkono wake, akichelewa nimfuate ofisini kwake nimgombeze. Akateka maji kwenye vichupa, akavipanga kwenye boksi la barafu, akaenda zake.

Juzi amerudi. Visima vilivyopimwa ni kumi na kimoja, na cha mama kimo kwenye vibaya. Maji yana vijidudu vya kinyesi. Aliniambia taratibu, ameniketisha kwanza, mpaka nikadhani kuna aliyefariki. Anavyoona yeye, sababu ni choo cha madrasa, kile ulichojenga kwa jina la baba. Kiko upande wa juu wa kisima, hatua tisa tu, na ardhi yetu ni mchanga, inashusha kila kitu.

Karatasi yake nimeiweka kabatini mpaka nipate shauri lako. Anasema choo kikihamishwa, kisima kitapona taratibu. Kwenye kiwanja chetu hakuna pa kukihamishia ila kule chini, kwenye kona yako yenye msingi wa nyumba. Nimekaa na neno hilo siku mbili kabla ya kuliandika. Nijibu upesi.

Dada yako,
Wahiba


Maskati
20 Machi 2024

Dada yangu Wahiba,

Shikamoo. Ramadhani njema kwako na kwa shemeji Jaffar. Mungu azikubali funga zetu. Sisi hatujambo. Aiman amepata kazi bandarini Sohari. Khulud anakusalimu sana, magoti yanamsumbua. Barua yako imenifikia juzi tu, kwa sababu mwajiri wa Najma alimchukua uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Nizwa na hakupata ruhusa ya kuja mjini.

Nimeisoma mara tatu, na kila mara nimepandwa na hasira.

Kisima kile kilichimbwa mwaka 2011, arobaini ya mama haijaisha. Nilikuwapo. Niliyaona maji yakitoka meupe, na wewe ulikuwa wa kwanza kuyanywa kwa kiganja. Nusu ya bonde inachota pale bure. Kila anayeinua ndoo anasema Mungu amrehemu Bi. Salma, na thawabu inamfikia mama kaburini. Leo aje mtu na vichupa aseme tunawanywesha watu uchafu? Kwa jina la mama?

Na choo cha baba ubaya wake uko wapi? Watoto arobaini wa madrasa ya mwalimu Fakihi walikuwa wanajisaidia vichakani. Nilichora mwenyewe ramani, nikakiweka karibu na maji ili watoto watawadhe bila kutembea. Fundi Nassibu ni fundi mzee. Kama pangekuwa na hatari angesema.

Dada, umesahau chuo hicho kilivyotaka kusogeza uzio mpaka bondeni? Mtaa mzima uliandamana kwa mjumbe. Leo wanapima maji, kesho watapima mipaka. Na watapitia wapi? Kwenye kona ya chini. Msingi ule ni wa nyumba yangu. Nikistaafu narudi, nitakaa barazani kwangu na wewe upande wa pili, tuzeeke. Kona yangu asiiguse mtu.

Mdogo wako,
Khalil


Kimara
22 Machi 2024

Khalil,

Salamu nyingi za mwezi mtukufu. Sijapata jibu lako. Hii naipeleka posta, nione kama posta bado ina watu.

Habari za nyumbani si nzuri. Unamkumbuka Margareta, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, yule mama kutoka Ndanda anayeshona sare za shule? Binti yake Monica, wa miaka sita, amelazwa. Alianza homa, tukadhani malaria, akapewa dawa za malaria. Siku ya tisa tumbo likajaa na kuwa gumu. Kumpeleka hospitali wakasema ni homa ya matumbo, na utumbo umetoboka. Wamempasua Jumatatu. Hajafungua macho vizuri.

Wengine pia wanaharisha. Nyumba ya mjumbe watu watatu. Mvua za masika zimeanza mapema.

Margareta ananiomba nimwombee dua mwanawe, kwa vile niko kwenye funga na dua ya aliyefunga hairudi. Ananishika mikono yote miwili. Namwitikia, namwombea kweli, lakini siwezi kumtazama usoni. Usiniulize kwa nini. Nijibu ile barua ya kwanza tu.

Wahiba


Kimara
5 Mei 2024

Mdogo wangu Khalil,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata baada ya Idi. Najua uliandika kabla ya kupata yangu ya pili, zimepishana njiani, kwa hiyo hasira yako nimeisamehe. Yangu sijui nani ataisamehe.

Monica yuko hai. Nakuambia hilo kwanza ili usome yaliyobaki umetulia. Siku ishirini na mbili amekaa hospitali, ametoka na mshono kutoka kitovuni mpaka juu, mikono imebaki mifupa. Lakini yuko hai, alhamdulillah.

Sasa nisikilize. Mama Tusajigwe aliponipa ile karatasi alinipa na tangazo la kubandika kisimani: maji haya yasinywewe, yatumike kufulia na kumwagilia tu. Akaniomba nimwambie na mjumbe. Nikasema ndiyo. Wiki iliyofuata akapiga simu, umewaambia? Nikasema nimewaambia. Khalil, sikumwambia mtu. Tangazo lilikuwa kabatini chini ya kanga zangu pamoja na karatasi. Nilikuwa nangoja jibu lako. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, kwamba nangoja jibu lako. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi. Nilikuwa dukani nawasikia wanachota na kumrehemu mama, na nikawa siwezi kutoka nje nikasema acheni. Siku thelathini na tano. Ndani ya siku hizo Monica ameugua.

Tusajigwe alikuja mwenyewe katikati ya Machi, akakuta foleni ya ndoo. Afadhali angenitukana. Alikaa kwenye kreti la soda, akauliza, "Mama Wahiba, wewe mwenyewe umeiamini karatasi?" Nikamwambia sijui. Akasema basi tusiiamini, tuangalie kwa macho.

Akaja na unga wa rangi, akatueleza haumdhuru mtu, chuoni wanautumia kufuata maji yanakopita chini ya ardhi. Akaumimina chooni mbele ya mjumbe, mbele ya mwalimu Fakihi, mbele ya watu wote, ukasukumwa na ndoo kumi za maji. Tukaambiwa tusubiri. Kila asubuhi wanafunzi wake wawili walikuja kuteka ndoo moja. Siku ya kwanza maji meupe. Ya pili meupe. Mwalimu Fakihi akaanza kutabasamu, na mie nikapumua. Siku ya tano ndoo ilipanda kijani, Khalil. Kijani cha majani mabichi. Halafu mama mmoja akaanza kutapika pale pale.

Margareta alikuwa amerudi kutoka hospitali kuchukua nguo za mtoto. Aliichungulia ndoo, akanitazama. Akaniuliza, "Ulijua?"

Nikasema, "Nilijua."

Akachukua mfuko wake wa nguo akaenda kituo cha daladala, arudi hospitali. Mpaka leo kodi yake anampa Jaffar.

Jingine. Unasema fundi Nassibu angesema. Alisema. Siku anapima shimo aliniita, akaniambia, mama, hapa ni karibu mno na kisima. Nikamjibu ramani imetoka kwa mwenye mali, chimba. Miaka mitatu nimelikalia hilo.

Kuhusu uzio: nimemuuliza Tusajigwe bila kupepesa. Amesema hilo la zamani analijua, lilikuwa kosa, na yeye hana mamlaka ya kuniahidi juu ya watu wa uzio. Ana mamlaka ya maji tu. Mtu aliyekuja kuninyang'anya kiwanja angenijibu maneno matamu zaidi.

Kona yako ndiyo iliyobaki, hatua thelathini na nne upande wa chini wa kisima. Hakuna pengine. Tafadhali.

Dada yako,
Wahiba


Maskati
12 Juni 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Idi njema ya kuchinja. Barua zote mbili ninazo sasa. Nimelia kwa ajili ya mtoto. Je, anakula? Mpe uji wa ulezi, mama alikuwa anatupa sisi tukitoka kwenye homa.

Usijitese mno. Yaliyopita yamepita.

Hapa kuna duka wanauza mashine za kusafisha maji, nzuri sana, za Kijerumani. Nimeulizia. Naweza kutuma moja kwa meli, ifungwe pale pale kisimani, na maji yatatoka safi kuliko ya chupa. Hivyo kila kitu kibaki mahali pake. Mwulize huyo mhandisi wako ni ukubwa gani unafaa.

Kuhusu kona tutazungumza nikija.

Joto limezidi mwaka huu. Khulud anakusalimu.

Khalil


Kimara
30 Juni 2024

Khalil,

Salamu. Jaffar yuko salama, mie niko salama.

Tusajigwe anasema mashine itasafisha ndoo, ardhi haitaisafisha, na siku umeme ukikatika watu watachota hivyo hivyo. Usiitume.

Kisima nimekifunga. Nimenunua kufuli na nimelifunga mimi mwenyewe mchana kweupe, watu wanatazama. Watoto wa madrasa wanatawadha kwa maji ya simtanki.

Chuo kimetuchorea choo kipya, na karo lililojengewa lisilovuja. Wanafunzi wa ujenzi watakijenga wenyewe, ndiyo mazoezi yao ya likizo, na Nassibu atawasimamia. Wanaanza mwisho wa Agosti. Tusipotoa mahali, wanapelekwa mtaa mwingine, na sisi ni mpaka mwakani. Masika nyingine, Khalil.

Unasema tutazungumza ukija. Umesema hivyo miaka mingi na sikuwahi kukuuliza, kwa sababu nilikuwa naogopa jibu. Leo nakuuliza, mie dada yako niliyekubeba mgongoni. Unarudi kuishi, au hurudi?

Wahiba


Maskati
9 Agosti 2024

Dada Wahiba,

Shikamoo. Najma anakuja likizo kesho, nimemwambia asitoke kwako mpaka ameiona barua hii mkononi mwako.

Nimeanza kukujibu mara nyingi, na nimechana. Mara zote nilikuwa naandika inshallah, na nilijua ninalitumia jina la Mungu kujificha.

Sirudi, dada.

Sikuamua siku moja. Nilipokuja mwaka 2019 nilikuwa nimepanga kukaa miezi miwili, nitie kuta kwenye ule msingi. Unakumbuka nilikaa siku kumi na moja. Nilisema kazini wananiita. Hawakuniita. Nilikuwa naamka asubuhi sijui nimsalimie nani barabarani. Vijana wananiita mzee wa Uarabuni. Rafiki zangu niliocheza nao mpira, wengine wamekufa na wengine walikuja kuniomba, na sikupata hata mmoja wa kukaa naye tukacheka. Nikampigia Khulud, nikamwambia nyumba yetu itakuwa nzuri. Akanijibu, nenda kajenge, mimi nitakuja kukutembelea. Hakusema kwa ubaya. Watoto wake wako hapa. Watoto wangu wako hapa.

Nilirudi huku na sikumwambia mtu. Kazini nimeendelea kuzungumza habari za nyumba yangu ya Kimara. Wanajua vyumba vyake. Wanajua rangi ya milango. Kuna Mhindi mmoja kila Ijumaa ananiuliza imefika wapi, na namwambia wanapiga plasta. Ningekuruhusu uuvunje ule msingi, ningemwambia nini?

Bado kuna mengine, na haya ni mabaya zaidi.

Nassibu alinipigia simu. Baada ya wewe kumwambia achimbe hakuridhika, akanitafuta mimi. Aliniambia, bwana Khalil, choo kiende chini kwenye kona yako, huku juu kitaharibu maji. Nikamjibu sitaki harufu ya choo barazani kwangu. Baraza la nyumba ambayo nilishajua sitaijenga. Kwa hiyo kwenye barua yangu niliposema Nassibu angesema, nilikuwa nakudanganya, na nilijua. Uliponiandikia kwamba alikuambia wewe, nikaona afadhali, mzigo una mtu wa kuubeba. Nikaandika yaliyopita yamepita. Nisamehe kwa neno hilo kuliko mengine yote.

Na mwaka ule nilipokuja sikunywa maji ya kisima. Hata siku moja. Nilinunua ya chupa, kwa sababu tumbo langu limezoea ya huku. Wewe ulikuwa unazikusanya chupa tupu alfajiri, unazitia kwenye gunia ili jirani wasione kwamba mwenye kisima hanywi kisima chake. Nilikuona. Sote wawili tulinyamaza. Halafu ninakaa Maskati ninapandwa na hasira kwamba mtu amesema maji ya mama si mazuri.

Vunjeni msingi. Choo kijengwe pale. Kama watahitaji saini yangu, Najma ana karatasi, nimeshatia, na mashahidi wawili. Iandikwe ni ardhi ya madrasa, si yangu tena, ili kesho Aiman asije akadai asichokijua.

Kwa Margareta sijui niseme nini. Mwambie mwenye ramani ni mimi. Usinitetee hata kidogo.

Picha msinitumie.

Mdogo wako,
Khalil


Kimara
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Khalil,

Assalaam alaykum wa rahmatullahi. Nimechelewa, najua. Nilitaka kwanza niwe na kitu cha kukueleza.

Jaffar amekubali kifaa cha sikio, hatimaye, sasa analalamika tunapiga kelele. Mguu wangu vilevile. Duka liko.

Nilikasirika nawe siku tatu nzima. Najma alitaka kuondoka, nikamwambia kaa, nikiwa peke yangu nitaichoma hii barua. Siku ya nne hasira imekwisha, nikaona nimechoka tu. Nimekusamehe, Khalil. Lile la chupa hasa limenichoma, maana ni kweli.

Walikuja tarehe ishirini na sita Agosti, wanafunzi kumi na wanne, wasichana watano. Msingi ule ulikuwa mgumu, Nassibu aliujenga kwa kukusudia nyumba ya ghorofa. Walipiga nyundo siku mbili. Nilifunga duka nikaenda kusimama. Nilidhani nitalia kwa ajili yako, kumbe mie pia nilikuwa naishi ndani ya nyumba ile. Nilikuwa nimeshajipangia chumba cha kupikia pamoja na Khulud, na tungegombana kuhusu chumvi. Nililia mpaka Nassibu akawaambia vijana wapumzike wakanywe chai.

Choo kimekamilika. Matundu sita, na pa kunawia, na njia ya saruji mpaka madrasani. Wanafunzi walikosea mteremko wa bomba la kwanza, Tusajigwe akawafumulisha lote wakarudia, mbele yetu. Kile cha zamani kimefyonzwa na kufukiwa. Amepima kisima Septemba, bado kibaya. Oktoba, afadhali. Wiki hii, baada ya mvua za vuli, kimetoka safi. Anasema tusikifungue mpaka vipimo vitatu safi vifuatane. Kila karatasi anakuja nayo kwa miguu, anaibandika ukutani mwa kisima, anaisoma kwa sauti, anauliza nani hajaelewa. Watu wanauliza kweli. Juzi mjumbe alimbana nusu saa, na mama wa watu akamjibu yote.

Ufunguo wa kisima sina. Nimempelekea Margareta. Nilimwambia habari zako kama ulivyotaka, na zangu tena, bila kupunguza. Alikuwa anashona, hakusimamisha cherehani. Nikaweka ufunguo juu ya meza, nikamwambia, karatasi ikija asomewe yeye kwanza, na siku akiona kisima kifunguliwe, akifungue yeye. Siku ya pili nilipoamka nikaona tangazo la chuo limegongelewa msumari kwenye mfuniko wa kisima, pande zote nne, limewekwa ndani ya plastiki lisilowe. Anafanya kazi hiyo vizuri kuliko nilivyofanya mie. Salamu ananipa sasa. Ni salamu tu, na nazipokea. Monica amerudi shule, hakimbii sana bado.

Siku ya mwisho ya kazi msichana mmoja katika wale wanafunzi alikuwa anafagia mabaki ya zege. Akaniuliza, "Mama, hapa palikuwa pajengwe nini?"

Miaka kumi na moja, kila aliyeniuliza nimemjibu kwa pumzi moja: nyumba ya mdogo wangu, anarudi. Neno lilikuja mdomoni lenyewe. Nikalisubiri lipite.

Nikamwambia, "Nyumba ya mdogo wangu. Ana kwake Maskati."

Akasema pole, kwa nini sijui, akaendelea kufagia.

Njoo ututembelee, Khalil. Utalala chumba cha mgeni.

Dada yako,
Wahiba